Mwongozaji wa korongo: mlipe hata siku atakapokukataza kushuka

Dada wa Kisumu ameuliza hivi, chama chao wanataka kushuka lile korongo la Hell's Gate alafu waendelee mpaka Bonde la Kerio, je lazima wachukue mwongozaji wa pale pale ama hiyo ni njia tu ya vijana kula pesa ya wageni, na kama ni lazima, watamjuaje mzuri. Mimi niko Nakuru, hizo pande zote nimezunguka sana na wageni na bila wageni, kwa hivyo wacha nijibu kwa urefu, wenye haraka mtanisamehe.

Chukua mwongozaji. Lakini usimchukue ati ndio akuonyeshe njia. Njia ndani ya korongo unaiona, ukuta huku ukuta huku, utapotelea wapi? Unamlipa mtu anayejua lini mahali hapo hapafai kuingiwa, na ambaye anaweza kukuambia hapana bila kuogopa kulala njaa. Watu wengi hiyo ya pili hawaifikirii kabisa na kwangu mimi ndio kubwa.

Hell's Gate kwanza. Iko huku kwetu kaunti ya Nakuru, kusini mwa Ziwa Naivasha, ni mbuga tangu 1984 na ni moja kati ya zile chache unaruhusiwa kuzunguka kwa miguu ama baiskeli. Korongo lenyewe, Ol Njorowa, lilichimbwa na maji zamani sana wakati Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko hili la sasa na likawa linamwagikia upande wa kusini. Kuta ni majivu ya volkano yaliyogandamana, mengine laini mpaka unayakwaruza kwa kucha, na maji yakipita pale yanakula mwamba kila mwaka, ndio maana hata wenye wamewahi kuingia zamani wakirudi wanapata ngazi za mawe zimebadilika. Kuna mahali ni pembamba, ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Kuna mahali maji ya moto yanachuruzika ukutani, usiweke mkono kujaribu ukifikiri ni mzaha, moto wa Olkaria uko chini hapo hapo, ule ule wenye KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wanatoa nao stima.

Sasa shida ya korongo ni kwamba mvua haina haja ya kunyesha mahali umesimama. Inanyesha huko juu vilimani, wewe chini jua linakuwakia kichwani, unapiga picha, alafu maji yote ya hizo tambarare na vilima yanatafuta mlango mmoja, na huo mlango wewe uko ndani yake. Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa pale kwa mafuriko ya ghafla. Tarehe 1 Septemba 2019 watu saba tena wakabebwa na maji, na mmoja wao alikuwa mwongozaji wa pale pale. Korongo likafungwa kwa muda. Angalia hizo tarehe vizuri, ya kwanza iko katikati ya masika lakini ya pili ni Septemba, si masika si vuli, kwa hivyo yule anakwambia ati "msimu wa mvua umeisha twende tu" hajui anachosema. Na mwongozaji si hirizi, ukiwa naye chini na maji yakaja ninyi nyote ni sawa. Kazi yake ya maana inafanyika juu, kabla hamjashuka.

Ndio nikasema suala la malipo ni kubwa. Fikiria kijana amengoja wageni tangu asubuhi, nyumbani wanangoja unga, na mpango wa kawaida ni kwamba analipwa mkishamaliza kutembea. Wingu limekaa vibaya upande wa vilima. Akisema hapana, anarudi mikono mitupu. Akisema twende haraka haraka, analipwa. Hata mimi na wewe tungesema twende haraka haraka. Mimi siku hizi nikifika kitu cha kwanza namwambia, kijana, pesa yako ya leo iko, tushuke ama tusishuke, wewe niambie ukweli. Utashangaa vile mazungumzo yanabadilika. Anaanza kukuambia vitu, jana kulinyesha wapi, wenzake walipata maji yamefika wapi, sehemu gani ya chini ameiacha wiki hiyo kwa sababu ukuta umeanza kumeguka.

Kuna wakati nilienda na wenzangu wa kazi, watu walikuwa wamelipia geti kupitia eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, wamekodi baiskeli, wamevaa, anga ni bluu. Jamaa wetu, Mmaasai wa pale, akaangalia upande mmoja muda mrefu, akapigia mtu simu akaongea Kimaa, akarudi akaniambia "Mkubwa, leo chini hapana." Mwenzetu mmoja akawaka moto, ati amelipa, ati kwani mvua iko wapi, ati huyu hataki kazi. Jamaa hakubishana, akasimama tu. Tukazunguka na baiskeli mpaka jioni, tukaona twiga na nyati kwa mbali, tukala mayai ya kuchemsha chini ya ule mnara wa Fischer huku tukihadithiwa vile Wamaasai husema huo mwamba ni binti aliyekuwa anapelekwa kuolewa akageuka nyuma akawa jiwe. Hayo maji ya huko chini hatukuyaona, na nikamlipa siku nzima. Yule mwenzetu mpaka leo anasema nilitupa pesa. Sawa tu, ni pesa yangu.

Kwa hivyo kuchagua: usiangalie Kiingereza chake wala viatu. Muulize tukiwa ndani na maji yakaja tunatokea wapi. Yule mzuri atakuonyesha kwa kidole kabla ya kushuka, hapa kuna njia ya kupanda, kutoka hapa mpaka pale hakuna, hiyo sehemu tunapita bila kusimama, picha mtapiga mbele. Yule mbaya atacheka akwambie usijali. Alafu angalia kama anakuuliza maswali pia, kuna mwenye magoti mabaya? kuna mjamzito? huyo mama anaweza kushuka mwamba kwa makalio? (Na mtashuka kwa makalio, vaeni nguo mtakayosamehe.) Asiyeuliza chochote anahesabu vichwa tu. Na ingieni asubuhi, mvua za huku hupenda alasiri. Simu usiitegemee ukiwa chini kule.

Kerio ni mambo mengine. Kutoka Nakuru unapitia Marigat, unapanda Kabarnet, alafu barabara inakuangusha mpaka Mto Kerio na kupanda tena Tambach mpaka Iten, kule juu ni mita 2,400 hivi na baridi yake, chini unapika ugali kwa jua. Pale darajani ndio kuna Cheploch, mto umejibana katikati ya mawe na vijana wanaruka kutoka juu ya mwamba wageni wakitazama. Ninyi rukeni kwa macho tu. Hao wamekua pale, wanajua kina cha maji leo si cha jana, na ule mto una mamba. Ukifurahi wape kitu, lakini usimwambie mtu "ruka tena juu zaidi nikuongeze", hiyo ni tabia mbaya sana na nimeiona.

Ukitoka barabarani na kuingia kwenye makorongo ya ule ukuta wa Elgeyo, yaani ukingo mkali wa magharibi mwa bonde, upande wa Marakwet hasa, mwongozaji anageuka kuwa kitu kingine kabisa, anakuwa mwenyeji wako. Hakuna geti kule, ni mashamba ya watu na malisho ya watu. Kuna mifereji inashuka kutoka kwa mito ya juu, imekaa karne na karne, imejengwa kwa mawe na magogo kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anafikiria mara mbili, na kila mfereji una ukoo wake na zamu zake za maji. Mgeni anaona maji safi anavua viatu anaingiza miguu. Mzee wa pale hatapiga kelele, atamwambia mwongozaji wako kwa Kimarakwet na mwongozaji ataona haya kwa niaba yako. Mkipita boma, salimieni, subirini, yeye ndiye aseme mmetoka wapi na mnaenda wapi, tena si vibaya kubeba sukari na majani chai.

Na usalama, hiyo siwezi kuizunguka. Februari 2023 serikali ilipeleka operesheni kwa kaunti sita za Bonde la Ufa kaskazini sababu ya wizi wa mifugo na mauaji, na Baringo, Elgeyo-Marakwet na Pokot Magharibi zimo. Si kila mahali, barabara ya Kabarnet kwenda Iten watu wanapita kila siku, lakini huko chini ya bonde ukielekea kaskazini hali hubadilika kwa wiki moja. Ramani ya simu haijui hiyo. Mtu anayeishi pale anajua, kwa hivyo mpigie siku tatu kabla, mpigie tena usiku wa kuamkia safari, na akisema ahirisheni, ahirisheni. Na uliza pia habari ya udongo, ile miteremko huporomoka mvua ikizidi, Chesongoch, huko huko Marakwet, ilizika watu mwaka wa 2025.

Sasa dada, umesema chama chenu ni watu kumi na wawili. Msiende na mwongozaji mmoja, wa mbele hasikii wa nyuma wanalia nini. Chukueni wawili, mmoja mbele mmoja mkiani, na bei mpatane nao mkiwa bado huku juu, kabla hata ya kufunga viatu, mbele ya wote, pamoja na ile ya siku wakikataa. Mweka hazina aiandike kwa bajeti kama nauli. Kama kuna mwanachama anaona hiyo ni kuharibu pesa, mwacheni abaki Naivasha mjini ale samaki, mtampitia jioni.