Nilikuwa natafuta pa kukaa

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ulipokuwa kijana, marafiki zako walikusogeza karibu na dawa za kulevya au walikuweka mbali nazo?" Wangu walifanya yote mawili, tena watu walewale.

Nilihamia shule mpya nikiwa na miaka 14, katikati ya muhula. Aliyewahi kuhama hivyo anajua: kila kiti kimeshapata mwenyewe. Kulikuwa na kundi la mpira, la kwaya, la wenye alama za juu, la waliovaa vizuri, na nyuma ya ukuta kulikuwa na kijiwe cha wavutaji. Kwingine kote ulitakiwa uje na kitu: mguu, sauti, akili au viatu. Kijiweni hukuulizwa. Ulikaa tu. Wazazi wananikatalia nikiwaambia kwamba mlango uliokuwa wazi kuliko yote ulikuwa ule.

Wala hakuna aliyenishawishi. Yule kijana mbaya wa kwenye mabango, anayembembeleza mwenzake ajaribu, sikumwona hata siku moja. Mtu alikuwa anasimulia kisa, watu wanacheka, msokoto unatoka mkono hadi mkono, na aliye kando yangu akaninyooshea bila kunitazama, macho yake yako kwa msimuliaji. Kukataa ilikuwa ni kukatiza kisa, wote wageuke. Nilikuwa mgeni wa siku mbili, na macho ya watu saba kwa mpigo niliyaogopa kuliko moshi. Nilivuta.

Miaka mingi baadaye nilisoma jaribio la wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg la mwaka 2005. Watu wa umri tofauti walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine wakiwa na wenzao kando. Wenzao walipokuwepo, vijana wadogo walijitosa kwenye hatari zaidi kwa kiasi kikubwa. Watu wazima walibadilika kidogo sana. Nilijiona nyuma ya ule ukuta.

Nilikohoa hadi nikatapika. Aliyekaa kulia kwangu, mvutaji mkubwa kuliko wote, aliona. Kesho yake msokoto ulipomfikia aliupitisha mbele ya kifua changu, akampa wa upande wa pili, bila neno. Ikawa hivyo kila siku. Hakuna aliyegeuka, na kisa hakikukatika. Nilibaki na kiti changu bila kuvuta tena, kwa hisani yake.

Yeye alikamatwa na msokoto mfukoni, akafukuzwa shule. Hadi leo jambo hili linanichoma. Alikuwa na viti viwili, darasani na kijiweni. Wakamnyang'anya kimoja, wakamwachia kile walichokiogopa. Akaanza kushinda huko mchana kutwa na watu waliomzidi umri, na huko bangi haikuwa kitu. Kulikuwa na vidonge, halafu unga, yaani heroini.

Usiku mmoja, tukiwa na miaka 17, alilala ghafla akaanza kukoroma. Haukuwa mkoromo wa usingizi. Ulikuwa mzito, wenye maji kooni, na kati ya pumzi moja na nyingine ungeweza kuhesabu hadi kumi na mbili. Midomo ilikuwa imeingia rangi ya majivu. Mmoja akasema, "Mwacheni alale, itamtoka." Mwingine akataka kummwagia maji. Kila mtu alikuwa anaogopa kuita mtu mzima. Msichana mmoja tu ndiye aliyekimbia kumwita mama yake, na mama yule akamlaza ubavu, akampigia daktari, hakutuuliza chochote hadi gari lilipofika. Vijana mnaosoma hapa, nisikilizeni: mkoromo ule ni pumzi inayokatika. Mlazeni ubavu, iteni msaada, na msimwache peke yake. Ipo dawa, naloksoni, inayozuia nguvu ya unga mwilini, lakini lazima imfikie akiwa hai. Yeye ilimfikia.

Marekani ilianza mwaka 1983 mpango wa D.A.R.E., askari wakiingia madarasani kuwafundisha watoto kukataa. Tafiti zilizoufuatilia zilikuta waliofundishwa walitumia dawa karibu sawa na wasiofundishwa. Sishangai. Walifundishwa neno la kusema, hawakupewa pa kwenda wakishalisema. Iceland walipita njia nyingine: michezo na muziki vya kulipiwa na umma, wazazi wakae zaidi na watoto wao. Mwaka 1998, asilimia 42 ya wanafunzi wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa pombe ndani ya mwezi mmoja. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5.

Binti yangu ameanza sekondari mwaka huu. Simuulizi kama kuna anayevuta shuleni, najua wapo. Namuuliza alikaa na nani wakati wa mapumziko. Wiki ya kwanza alitaja majina mawili, wiki ya pili moja. Juzi akasema anakaa maktaba, halafu akabadili mazungumzo. Jana asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikaenda kumwona mwalimu wake wa darasa.