Kususia kikao cha HOA ili akidi isitimie: msirudie kosa letu

Dada uliyeandika kutoka Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema bodi ya HOA yenu, yaani chama cha wamiliki wa nyumba za mtaa, inataka kupandisha ada, na majirani wamekubaliana wote wabaki nyumbani siku ya kikao ili akidi, ile idadi ya chini inayotakiwa kikaoni, isitimie na bajeti ikwame. Nakusihi uwazuie. Sisi tulifanya vivyo hivyo hapa karibu na Raleigh, jimbo hilo hilo, na tukaumia.

Mtaa wetu una viwanja 280. Novemba moja tuliletewa barua yenye muhtasari wa bajeti mpya, ada ya mwezi ikipanda kutoka dola 45 hadi 62, pamoja na tarehe ya kikao cha kuiridhia. Wazo la kususia lilikuwa langu, na nililitetea kwa nguvu zote. Mimi ni mtu wa Kenya, nimezoea kusikia kengele ya Bunge ikilia kwa sababu hawajafika wabunge 50 ambao Katiba inawataka. Kichwani mwangu, pasipo akidi hakuna kinachopita. Siku ilipofika walikwenda watu 11 tu, na usiku ule tulipongezana kwa simu. Januari bili zikaja: dola 62.

Hasira ndizo zilizonisukuma kuisoma sheria yenyewe, Sura ya 47F ya sheria za North Carolina, inayohusu mitaa ya namna hii. Kifungu cha 3-103 kinasema wazi kwamba kikao cha kuridhia bajeti hakihitaji akidi yoyote. Bajeti inahesabiwa imeridhiwa, isipokuwa kama wengi wa wamiliki wote wa mtaa, siyo wengi wa waliohudhuria, wataikataa pale pale kikaoni. Kwetu hiyo ni kura 141. Kila aliyebaki kitandani siku ile aliipitisha bajeti aliyokuwa akiipinga, na mimi ndiye niliyewashauri wabaki. Jambo hili bado linaniuma.

Kosa la pili lilikuja Machi, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa kuchagua wajumbe wawili wa bodi. Hapa akidi inahitajika. Kama kanuni za chama chenu hazisemi vingine, ni asilimia 10 ya kura zote, na kwetu ni kura 28. Angalia vizuri neno kura. Mume na mke wenye nyumba moja wana kura moja, hata wakikaa viti viwili. Siku ile ukumbi ulionekana umejaa, lakini mezani zilihesabika kura 19 za waliofika wenyewe na 4 za waliotuma wawakilishi, jumla 23. Wengi walikuwa wamesusa tena wakiamini bodi haitaweza kujichagua.

Waliokuwepo wakapiga kura ya kuahirisha mkutano. Sheria inawaruhusu, wakiwa wengi wa hao waliohudhuria. Na hapa ndipo nawaomba wote wanaopanga kususia wasome polepole, kifungu cha 3-109: mkutano ukiahirishwa kwa kukosa akidi, unaofuata unadai nusu tu ya akidi ya kwanza, hata kama kanuni za chama zinasema vingine. Usipotimia huo, inakatwa nusu tena, na tena, mpaka itimie. Kwetu ni 28, kisha 14, kisha 7, kisha 4. Watu wanne wanaweza kuchagua bodi ya mtaa wa nyumba 280, na itakuwa halali kabisa.

Mkutano wa pili zilikuja kura 15. Tulipoona wajumbe wale wale wanaelekea kushinda, sisi watatu tukasimama tukatoka, tukidhani tumeivunja akidi kwa kubakiza 12. Mwenyekiti aliendelea bila hata kupandisha sauti, na alikuwa sahihi. Akidi inahesabiwa mwanzo wa mkutano, ikishatimia inabaki hadi mwisho, atoke atakayetoka. Kura zetu tatu tulizitupa wenyewe.

Mwaka uliofuata tulifanya kazi ya miguu. Wiki tano kabla ya mkutano tulianza kugonga milango tukiwa na fomu za uwakilishi, zile zinazoitwa proksi, ambazo mwenye nyumba anamkabidhi mtu mwingine kura yake. Jioni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili ndizo zilizozaa matunda, Jumamosi asubuhi watu wako sokoni au wamelala. Niligundua kwamba wengi hawakuwa wamesusa kamwe. Nesi wa zamu ya usiku, baba mwenye watoto watatu, bibi mmoja aliyedhani HOA ni idara ya serikali ya mji: hawa walikuwa hawajawahi kuulizwa. Tulikusanya fomu 71. Tisa zilikataliwa kwa kosa la kizembe, hazikuwa na tarehe, na sheria inasema fomu isiyo na tarehe ni batili. Simama mlangoni mpaka mtu aandike tarehe na kusaini mbele yako. Ikishasainiwa vizuri inadumu miezi 11, isipokuwa yenyewe imetaja muda mfupi zaidi. Fomu 62 zilizosalia na kura 34 za waliohudhuria zikawa 96, na tukaingiza wajumbe wawili wapya.

Kura 141 za kukataa bajeti hatujawahi kuzifikisha, na sidhani tutazifikisha. Lakini bajeti inaandikwa na bodi, na bodi inachaguliwa na hao wachache wanaofika. Wajumbe wetu wawili waliidai mikataba ya ukataji nyasi ishindanishwe, na mwaka ule ada haikupanda. Kwa hiyo nguvu zenu wekeni kwenye uchaguzi.

Kama hamuwezi kungoja mkutano mkuu, wamiliki wenye asilimia 10 ya kura wanaweza kuitisha mkutano maalumu. Taarifa yake lazima iwafikie watu kati ya siku 10 na 60 kabla, na kama mnataka kumwondoa mjumbe wa bodi, iandikwe humo. Akidi ikitimia, wengi wa waliohudhuria wanatosha kumwondoa, kwa sababu au bila sababu.

Haya yote ni ya mitaa ya North Carolina iliyoanzishwa kuanzia Januari 1, 1999 na yenye viwanja zaidi ya 20. Mtaa wa zamani zaidi, anza na hati zenu wenyewe. Kondo, yaani majengo ambayo kila mtu anamiliki sehemu yake ndani, zina sura yake, 47C. Na mlioko Florida msinifuate: kule akidi ya wanachama ni asilimia 30 kama kanuni hazijaishusha, na proksi ni ya mkutano uliotajwa tu.

Dada, niambie mtaa wenu una viwanja vingapi, ulianza mwaka gani, na barua ya bajeti imeweka kikao tarehe ngapi. Nitakupigia hesabu ya kura mnazohitaji, na fomu tuliyoitumia sisi nitakutumia, ile yenye nafasi ya tarehe juu kabisa.