Fundi, nifunge vipi taa za rivasi kwenye Land Rover 109 ya zamani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu aliyoniachia baba, Land Rover 109 ya 1966. Bado inatembea, na kila msimu tunaibebesha viazi kutoka shambani. Haina taa za rivasi kabisa, na kurudi nyuma usiku kwenye njia ya shamba ni kubahatisha. Fundi wa kwanza amesema ataunga taa kwenye waya wa taa za nyuma. Wa pili anataka kuniwekea taa mbili za LED na swichi ya kubonyeza kwenye dashibodi. Nimsikilize nani?
Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kuuliza kabla gari la mzee halijatobolewa.

Fundi wa kwanza mwache. Waya wa taa za nyuma unapata umeme muda wote ukiwa umewasha taa, kwa hiyo taa nyeupe zitawaka nyuma yako safari nzima ya usiku. Anayekufuata akiona weupe anajua unarudi nyuma. Atafunga breki, au atakukwepa kuelekea upande anaotokea mwenzake. Taa ya rivasi inamwangazia dereva, lakini vilevile inazungumza na walio nyuma, na haifai iwadanganye.

Fundi wa pili yuko karibu na ukweli. Swichi ya dashibodi inafanya kazi, ila inategemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka saa nne usiku. Nimepokea gereji magari yaliyotoka mnadani hadi mjini taa hizo zikiwaka, dereva hana habari. Huko Uingereza gari lako lilikoundwa, sheria ya taa ya 1989 inairuhusu swichi ya mkono kwa sharti kwamba mbele ya dereva kuwe na kitaa cha kumwonyesha kwamba zinawaka. Ukikosa njia nyingine kabisa, weka na kitaa hicho. Mimi ningependa mkono wa gia ndio uwashe taa, wewe usiwe na la kukumbuka.

Kabla ya kununua chochote, fungua kifuniko cha betri uangalie ni kichwa kipi kimefungwa kwenye chasisi. Usilipuuze hili. Land Rover za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo ethi, yaani upande wa betri uliofungwa kwenye chasisi, kinyume cha magari ya leo. Nyingi ziligeuzwa baadaye zilipowekewa alteneta, nyingine hazikuguswa. Globu ya kawaida haijali umeme unaingilia upande gani. LED inajali: ukiigeuza haiwaki, na kama bati lake la nje limeungwa na waya wake wa hasi, ukiifunga kwenye bodi ya gari lenye ethi ya chanya umeunganisha betri moja kwa moja. Waya utaungua mkononi mwako. Kwa hiyo kama gari la mzee halijageuzwa, chukua taa za globu ya wati 21, zile zile za breki na indiketa. Hata kama limegeuzwa ningechukua hizo hizo, kwa sababu globu yake utaipata duka lolote la spea.

Hesabu ya umeme ni nyepesi. Wati 21 kwa volti 12 ni ampea 1.75, mbili ni ampea 3.5. Hata dainamo ya zamani inayochaji betri, ya Lucas (kampuni ya vifaa vya umeme vya magari) ya ampea 22, haitaona tofauti, maana unarudi nyuma kwa dakika moja au mbili tu. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kufika nyuma bila mwanga kufifia, na fyuzi ya ampea 5 iwekwe karibu na mahali unapochukulia umeme. Rilei, yaani swichi kubwa inayowashwa na umeme mdogo, huihitaji, isipokuwa swichi utakayopata ni ndogo sana au siku moja ukitaka taa kubwa za kazi.

Sasa swichi, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Giaboksi za umri huo kwa kawaida hazina tundu la swichi ya rivasi, na sitaki mtu atoboe giaboksi nzima kwa ajili ya taa. Ondoa bati la sakafu katikati ya viti, utazame kwenye mzizi wa mkono wa gia. Utaona bawaba ndogo yenye springi na skrubu ya kurekebishia. Kazi yake ni kukuzuia usitumbukie rivasi kwa bahati mbaya: gia nyingine haziigusi, ukiingia rivasi mkono wa gia unaisukuma na inapanda. Tengeneza kipande cha bati kilichokunjwa, kifunge kwenye bolti zilizopo, kisha kishike juu yake swichi ya kubonyea ambayo bawaba itaisukuma inapopanda. Swichi iwe ya kuunga inapobonyezwa, na iwe na miguu miwili, isitegemee mwili wake kupata ethi. Usitumie ya mlangoni, maana ile huunga inapoachiwa.

Rekebisha polepole. Swichi ibonyee karibu na mwisho wa mwendo, rivasi ikiwa imeshaingia, na ibaki nafasi kidogo ili bawaba isije ikaivunja. Giaboksi hizi zinatikisika, na swichi iliyobanwa hadi mwisho haimalizi mwaka. Kabla ya kurudisha sakafu, pitisha gia zote mara kadhaa. Taa ikimulika hata kidogo ukiingia gia nyingine, sogeza bati.

Umeme uchukue kwenye boksi la fyuzi, upande unaofanya kazi ufunguo ukiwashwa. Kwa mpangilio wa Lucas nyaya hizo ni za kijani, na wa rivasi huwa kijani chenye mstari wa kahawia. Lakini kwenye gari la 1966 lililopita kwa mafundi wengi, rangi isikutoshe: pima kwa testa ufunguo ukiwa umezimwa, kisha ukiwa umewashwa. Na anza kwa kufungua betri, ukitangulia na waya ule unaokwenda kwenye chasisi, uwe chanya au hasi. Kutoka fyuzi waya uende kwenye swichi, kutoka swichi uende nyuma. Fuata njia ya nyaya za zamani, mbali na ekzosi na propela, na kila unapopita kwenye tundu la bati weka raba.

Ethi ndiyo inayowashinda wengi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, chasisi ni chuma, na mahali vinapokutana, kukiingia unyevu, aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe. Unga huo haupitishi umeme vizuri. Ndiyo maana utaona gari ambalo ukikanyaga breki indiketa nayo inawaka kwa mbali: umeme unatafuta njia ya kurudi. Usitegemee bolti ya taa. Kila taa ipe waya wake wa ethi hadi kwenye chasisi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa nati, kisha paka grisi juu. Baadaye, taa zikiwaka, pima volti kati ya ethi ya taa na kile kichwa cha betri kilichofungwa kwenye chasisi. Ukiona zaidi ya nusu volti, rudia kukwangua.

Mahali pa taa, usiweke katikati chini ya mlango wa nyuma. Mlango huo ukiteremshwa utaifunika, na wewe unapakia viazi ukiwa umeuteremsha. Weka moja kila pembe, karibu na taa za breki. Kanuni za kimataifa za taa zinataka ya rivasi iwe kati ya milimita 250 na 1200 kutoka ardhini, na pembe za bodi ya 109 zina nafasi ndani ya kipimo hicho. Mwanga uwe mweupe.

Jaribio la mwisho fanya usiku, pikapu ikiwa imepakiwa. Gunia zikijaa, nyuma inashuka na mwanga unainama, unaangukia karibu na bampa badala ya kufika njiani. Zielekeze taa ukiwa na mzigo huo huo wa viazi, mwenzako akiwa amesimama pembeni hatua kumi nyuma, mpaka umwone miguu na kiuno. Hapo ndipo ukaze nati.