Nguruwe wangu ni tasa, mgumba, au hajashika tu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninafuga nguruwe Kibosho, Moshi. Jike wangu mmoja alipandishwa, wiki tatu baadaye karudi kwenye joto. Jirani anamwita mgumba, shemeji anasema ni tasa. Mwanangu naye kanisomea makala isemayo "jeni hudhibiti ovari za nguruwe". Nisemeje? Na jeni ndiyo vinasaba?

Jibu: Marahaba. Kwanza usimhukumu mapema. Joto la nguruwe hurudi kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo huyo wako hajashika. Ukisema "hashiki" umeshamtia kasoro ya kudumu, ilhali ile -ja- ya "hajashika" bado inasubiri. Na kama hajazaa hata mara moja, ana jina lake zuri tu: mtamba.

Ikithibitika kwamba hazai kabisa, shemeji yako yuko karibu zaidi na kamusi. Tasa husemwa kwa mwanamke na kwa mnyama jike pia. Mgumba ni neno la watu. Sokoni Mbuyuni nimesikia hata mbuzi akiitwa mgumba na hakuna aliyeshangaa, ila kwenye maandishi mimi ningeweka tasa.

Kinachonisumbua hasa ni hilo "hudhibiti". Tunadhibiti wizi, moto, kipindupindu: vitu tunavyotaka vipungue. Sasa chukua jeni iitwayo BMP15. Hufanya kazi ndani ya yai changa, na protini yake huzihimiza seli zinazolizunguka zikue. Watafiti walipoidhoofisha kwa nguruwe, vifuko vya mayai vilivyo ndani ya ovari (kiungo cha jike kinachotoa mayai) havikukua sawasawa na majike wakawa tasa. Hapo jeni inamdhibiti nani? Inahimiza! Ningeandika "huongoza ukuaji wa ovari", au "huratibu" pale zinapotajwa jeni nyingi zinazowashana na kuzimana. (Kwa kondoo mambo ni kinyume kidogo: mwenye nakala moja mbovu ya jeni hiyohiyo hutoa mayai mengi zaidi, mwenye mbili mbovu huwa tasa. Huko "hudhibiti" ningeivumilia.)

Ovari iache ilivyo. Wapo wanaoiita "kifuko cha mayai", lakini ndani ya ovari mna vifuko vidogo vingi, kila kimoja na yai lake. Ukiita chungu kwa jina la punje, utavitofautishaje?

Jeni na vinasaba ni ndugu, si pacha. Neno vinasaba limetokana na nasaba, yaani ukoo, na Watanzania wengi wanalijua kwa vile vipimo vya kumtafuta baba wa mtoto. Ndiyo DNA yote kwa ujumla. Jeni ni kipande kimoja cha hiyo DNA chenye kazi yake. Kwa hiyo: vinasaba vya nguruwe vimepimwa, jeni moja imeonekana na hitilafu. Zikiwa nyingi ni jeni hizi, zimeonekana. "Majeni" waachie wanaotaka kuchekesha.