Mlango niliomfungia baba yako mdogo

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara nne. Unauliza: "Baba, ni kweli ulimfungia mlango baba mdogo usiku aliokufa?" Kisha chini yake, kama jambo jingine kabisa, unasema shemeji yako anatoka gerezani Ijumaa, mumeo anataka mumpokee, na wewe unaogopa.

Ni kweli, nilimfungia. Na maswali yako hayo mawili ni swali moja, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningesingizia mtandao.

Wewe unamkumbuka kwa redio. Alikuwa akizifungua sakafuni, wewe umekaa kando umemshikia skrubu, na kila akikuomba moja unafumba ngumi mpaka akubembeleze. Usichokumbuka ni kwamba redio zile zilianza kupotea. Wenyewe wakija kuzifuata, nalipa mimi. Zikafuata hereni za mama yako, zile alizopewa na bibi yako. Tulizitafuta nyumba nzima, na yeye ndiye aliyetafuta kuliko wote: alipiga magoti, akamulika tochi chini ya kitanda, akatoka na vumbi kwenye nyusi, akamwambia mama yako, "Usijali shemeji, zitaonekana." Alikuwa ameziuza jana yake. Hereni nilizisamehe mapema. Ile tochi ilinichukua miaka.

Aliwahi kutuomba tumsaidie kuacha unga, yaani heroini. Tukamfungia chumbani, kwa ridhaa yake. Hata siku haikuisha, arosto, mateso ya mwili unaoukosa unga, ikamshika: miayo isiyokoma, machozi, kamasi, ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa, jasho na baridi kwa pamoja, kuharisha, miguu inarusha mateke yenyewe. Siku ya tatu alilia akimwita marehemu mama yetu. Siku ya sita akaoga, akacheka nawe. Tukamshukuru Mungu, tukadhani kazi imekwisha. Wiki iliyofuata alirudi kwenye unga, nasi tukamwita mtu asiye na shukrani. Hakuna aliyetueleza kwamba mwili hutulia baada ya wiki hivi, lakini kiu hubaki miezi, hata miaka, na hiyo ndiyo inayohitaji tiba na watu. (Tena usimfungie mtu chumbani kamwe. Arosto ya unga ni nadra kuua yenyewe, ila anayeacha ghafla pombe nyingi au vidonge vya usingizi anaweza kupata degedege akafa. Sisi hata hatukujua alikuwa akichanganya nini.)

Majirani wakimuulizia, tulisema amesafiri. Mimi na mama yako tulikuwa tumekubaliana hadi jibu la "atarudi lini". Wewe ukaniuliza mbona amesafiri bila viatu. Mama yako akaacha kwenda kwa watu, mimi nikaacha kukaribisha wageni, na yeye, aliyekuwa akitusikia akiwa chumba cha pili, akajua kwamba kwetu ameshaondoka.

Kisha akafungwa miezi saba. Alipotoka, kila niliyemwomba ushauri alinipa methali ile ile, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nikaona nimepata ruhusa. Usiku wa nne akaja. Alibisha kama kawaida yake, mara mbili halafu moja. Nilimjibu nikiwa ndani, mkono kwenye komeo: "Rudi ukiwa umeacha." Nilitarajia matusi. Akasema, "Haya, kaka," nikasikia ndara zake zikienda. Asubuhi walimkuta kwenye jengo ambalo halijakwisha, ameketi, ameegemea ukuta.

Kwa miaka niliamini kwamba alijiua kwa uchungu wa neno langu. Muuguzi mmoja ndiye aliyenieleza, wala hakuwa akinifariji: mtu aliyekaa gerezani bila unga, mwili wake umeshausahau, akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakata. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wafungwa zaidi ya 30,000 walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya raia wengine. Yeye alikuwa siku ya nne. Kila nikiiona namba ile nasikia ndara.

Kwa hiyo mpokeeni, na wiki hizo mbili asikae peke yake. Ulizieni kabla ya Ijumaa, si baada, ni kliniki gani inatoa methadoni. Si dawa ya kubahatisha: madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuwatibu nayo watumiaji wa heroini huko New York katika miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Mgonjwa huinywa kila siku, na akishapata kipimo kinachomfaa, arosto haimshiki wala halewi. Watu watawaambia amebadilisha ulevi kwa ulevi. Nami niliwahi kusema hivyo, kabla sijamwona mtu aliyeamka asubuhi akawaza kazi badala ya kuwaza kete ya unga.

Tafuteni pia naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha unga, ya sindano au ya kupuliza puani. Ukimkuta haamki, anakoroma kwa shida au anapumua kwa nadra, midomo imebadilika rangi, usiseme "mwacheni alale kidogo". Mpeni hiyo dawa, iteni msaada, kama hapumui mpulizieni pumzi mdomoni, akianza kupumua mlazeni ubavu. Hata akiamka na kuwatukana, apelekwe hospitali, maana naloksoni huisha nguvu kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na unga unaweza kuwa bado mwilini.

Na hereni zako zifiche. Sifanyi mzaha. Pesa mkononi usimpe, ufunguo wa chumba chenu usimpe, na ukikasirika, kasirika. Akirudia na mkaona hawezi kulala penye watoto, mumeo amsindikize mahali pengine pa kulala, na kesho yake aende kumjulia hali. Mimi nilidhani yapo mawili tu, kumfungulia au kumfungia. Halikunijia wazo la kutoka nje nikakaa naye kizingitini hadi kuche.

Nawe utafute watu wa kuongea nao. Mara ya kwanza nilipokaa na ndugu wa watumiaji, mzee mmoja aliombwa aeleze habari za kijana wake. Akakohoa, akasema, "Amesafiri." Tulicheka sote, watu wazima, mpaka mmoja wetu akatoka nje kufuta machozi. Sitakwambia ni nani.

Umewahi kuniuliza kwa nini mlango wetu hauna komeo. Ulidhani fundi alisahau.

Nitafika Alhamisi jioni. Mwambie mkwe wangu aulizie saa watakayomtoa, nataka nami niwepo getini.

Baba yako