Hela usitume, hiyo choki haijulikani ni ya mtutu gani

Mkuu wa Makambako, SIMAMA hapo hapo. Salamu tutapeana baadaye. Unasema kuna mtu anakuuzia choki ya ful iliyotumika (choki ni kile kibomba kinachozungushiwa mdomoni mwa mtutu wa bunduki ya marisau, yaani vigololi vidogo vya risasi, ili kubana mtawanyiko wake; ful ni ile inayobana sana), geji 12, kwa maelezo kwamba "geji 12 zote zinaingiliana", na unauliza kama hiyo moja itakutosha kwa kwale, kanga na slagi (risasi moja nzito badala ya marisau), tena ununue marisau namba ngapi na urefu wa mtutu una maana gani. Weka yote pembeni. Hayo maneno ya "zinaingiliana" ndiyo yaliyonimalizia mtutu.

Niliyauziwa hapa hapa Mbeya. Jamaa alikuwa na mfuko wa choki zinang'aa, na mdomo wake ulikuwa unang'aa zaidi. Nikazungusha moja, ikaingia raundi chache, ikakaza. Nikamwambia mbona imebaki nje kidogo? Akacheka. "Hiyo itajiseti yenyewe ukishapiga." Ilijiseti kweli kweli! Ilikwenda kujiseti kwenye majaruba ya mpunga huko Usangu, na mpaka leo sijaiona. Kanga niliyemlenga nadhani bado anawasimulia wajukuu. Mdomo wa mtutu ukafutuka, nyumbani wakaanza kuiita tarumbeta. Chekeni tu, nimeshazoea.

Sasa elewa kilichofanya vile. Mahali choki inapokaa, ukuta wa mtutu umechongwa ndani ili nyuzi zipate nafasi, kwa hiyo ndipo palipo pembamba kuliko pote. Choki ikifika mwisho, ukingo wake wa nyuma unaegemea bega la ndani na kujificha, marisau yanapita bila kuugusa. Isipofika, panabaki mwanya. Gesi inapenya humo, na furushi la marisau linakuja kwa zaidi ya mita 350 kwa sekunde na kuugonga ule ukingo. Hapo choki inang'oka, au mtutu unavimba, au unapasuka. Mimi nilipata mawili ya kwanza na vidole vyangu viko salama, kwa hiyo nahesabu nilipata punguzo.

Yule bwana nilipomrudia aliniambia nilipiga risasi kali. Risasi kali! Marisau ya ndege, ya kawaida kabisa. Halafu akataka kuniuzia nyingine.

"Geji 12" inakuambia upana wa njia ya risasi, takriban milimita 18.5, na hata hapo watengenezaji hawalingani. Haikuambii chochote kuhusu nyuzi. Browning wana choki za Invector na wana za Invector Plus, na ya huku haiingii kule, maana mitutu ya Plus imepanuliwa ndani. Beretta wana Mobilchoke na Optima, hazibadilishani. Zipo chache zinazoshirikiana nyuzi kati ya kampuni na kampuni, lakini huo ushirikiano unathibitishwa na kitabu cha mtengenezaji. Muuzaji wa mfukoni hauthibitishi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: CHOKI ISIYOINGIA KWA VIDOLE HADI MWISHO SI YAKO. Fungua bunduki, hakikisha chemba, pale panapokaa risasi, ni tupu, angalia tena ingawa umeshaangalia. Futa nyuzi, paka grisi kidogo, zungusha kwa vidole viwili. Ufunguo ni wa kukazia pale mwisho tu. Ukihitaji ufunguo katikati ya safari, toa. Kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka upande wa chemba: ukiona ukingo umechomoza ndani ya njia ya risasi, toa hata kama nje imekaa vizuri. Kuna choki ndefu zinazotokeza mbele kwa makusudi, kwa hiyo usihukumu kwa kuangalia mdomo peke yake. Ukiwa porini kagua mara kwa mara, bunduki ikiwa tupu, zinalegea. Na usipige bila choki kabisa ukidhani ndiyo usalama, utaziharibu nyuzi.

Kuhusu ful: kwa kwale wa kuruka miguuni pako imebana mno, utakosa au utaokota manyoya. Impruvdi silinda, inayobana kidogo tu, inatosha hapo, kanga mpe modifaidi, ile ya kati. Slagi usizipitishe kwenye ful, tumia silinda, ile isiyobana, au impruvdi silinda. Kama slagi ni za nyani wa shambani, anzia kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, ile Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haitanii. Ukitaka kujua choki yako inatawanya vipi, piga karatasi kubwa kwa mita 36, chora duara la sentimita 76 palipojaa zaidi, hesabu matundu. Ful inatarajiwa kuingiza kama asilimia 70 ya marisau, modifaidi 60. Lakini hiyo ni baada ya choki KUINGIA.

Tena mtutu mpya hununui sokoni kama jembe, ni kuagiza kwa muuzaji mwenye leseni na kusubiri. Wangu nimeusubiri msimu mzima huku wenzangu wakinitumia picha za kanga.

Piga picha maandishi ya ubavuni mwa mtutu wako, mwambie naye apige picha maandishi ya choki, alama zote mpaka mikato ya mdomoni, uziweke hapa. Akisema maandishi yamefutika, mblock.