Usiwagawie ndugu nywila ya kamera yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimefunga kamera nyumbani, sasa ndugu zangu wote wanataka nywila. Nikiwanyima nitaonekana nina roho mbaya. Nifanyeje?" Nilisoma ujumbe ule mara mbili nikaweka simu chini. Swali hilo niliwahi kulijibu vibaya nyumbani kwangu, na mpaka leo linaniuma.

Nilipofunga kamera zangu nne nilijiona mtoto wa maana. Nilikuwa nimejibana miezi mingi, na mama, ambaye naishi naye, alikuwa na wasiwasi wa usiku. Fundi alipoondoka tu, nikaandika kwenye kundi la familia jina la akaunti, nywila, na maneno haya: "Sasa sote tutamwangalia mama." Watu saba wakaingia. Nilipongezwa jioni nzima, na nisiseme uongo, zile pongezi zilinikolea.

Miezi michache baadaye baiskeli ya mwanangu ikaibwa uani usiku. Sikuhangaika, si nina kamera? Nikafungua programu, nikasogeza mstari wa muda kwa kidole. Juzi hakuna kitu. Jana hakuna. Usiku ule, mweusi tii. Kamera ya uani ilikuwa imewekwa irekodi pale tu inapoona kitu kikitembea, na mtu alikuwa amezima utambuzi wa mwendo siku tatu kabla. Nani? Wote saba walikuwa wakiingia kwa akaunti moja, yangu. Kwa programu ile, aliyezima ni mimi.

Nikamshuku mdogo wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilalamika kwamba kila paka akipita uani simu yake inalia. Nilimsema palepale kundini, mbele ya wakubwa na wadogo. Alijibu neno moja, "Sawa dada", akajitoa. Wiki mbili baadaye ikajulikana kuwa ni mtoto wa dada yetu, alikuwa akichezea simu ya mama yake, akabonyeza asichokijua. Nilimpigia mdogo wangu kumwomba radhi. Akasema yameisha. Lakini kundini hajarudi, na nikimpigia siku hizi ananijibu kama mtu anayejibu ofisi.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, nisikilize. Nywila ni ya mwenye kamera peke yake, hata ndugu wa tumbo moja usimpe. Programu nyingi za kamera zina sehemu ya kushiriki kifaa. Unaandika barua pepe au namba ya ndugu yako, au yeye anaelekeza simu kwenye msimbo wa QR, kisha anaingia kwa akaunti yake mwenyewe. Wewe unabaki mmiliki, na kwa programu nyingi wewe ndiye unayechagua apewe nini: kutazama mubashara tu, kurudia rekodi, au hata kuzungumza kupitia kamera. Mipangilio usimwachie mtu. Mkikosana naye, au simu yake ikipotea, unafuta jina lake na wengine hawaguswi. Dada yangu anatazama mubashara, basi. Mume wangu anaona na rekodi. Hakuna aliyenuna.

Nilipoanza kusafisha akaunti yangu nilifungua orodha ya vifaa vilivyoingia. Watu saba, simu kumi na moja! Moja shemeji alikuwa ameshaiuza. Mtu tusiyemjua hata kwa sura angeweza kukaa kwake akaangalia mlango wa mama yangu. Nikaondoa vifaa vyote, nikaweka nywila mpya ndefu nisiyoitumia mahali pengine, nikawasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi kuingia, lazima na uthibitisho wa pili, kama namba inayotumwa kwenye simu yangu.

Na ile nywila ya kiwandani, ile kamera inayokuja nayo kutoka dukani, ibadilishe siku hiyohiyo ya kufunga. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha fupi tu ya nywila za kiwandani, ikateka mamia ya maelfu ya vifaa, kamera zikiwa nyingi humo. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumiwa kuangusha huduma zilizotegemewa na Twitter na Netflix, na watu wengi, hasa Marekani, wakashindwa kuzifungua kwa saa kadhaa. Uingereza imekataza kisheria tangu Aprili 2024 kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye nywila moja inayofanana kwa vyote. Wewe usingoje sheria.

Lakini lililonichoma zaidi halikuwa baiskeli. Kamera moja ilikuwa sebuleni. Siku moja nikakuta imefunikwa kitambaa, kimekunjwa vizuri na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Nikamuuliza mama. Akasema, "Mwanangu, jana nimepigiwa simu kuulizwa mbona nimelala mchana. Nimewazaa mimi, leo niombe ruhusa ya kulala?" Nilikosa la kusema. Nilikuwa nimewauliza ndugu saba kama wanataka kuona, na sikumuuliza hata mara moja yule anayeonwa.

Wenye wazazi nyumbani, hili mlishike. Upendo hauhalalishi kumtazama mtu mzima akiwa amejilaza kwenye kiti chake. Keti naye, mwonyeshe kwenye simu yako hasa kamera inaona nini, mtajie kwa majina nani atakuwa akitazama, kisha akikataa, kubali. Mama alikubali za nje tatu. Ya sebuleni niliitoa ukutani siku ileile, tundu la msumari bado lipo.

Mwezi uliopita nilimtumia mdogo wangu mwaliko kwa jina lake mwenyewe. Mama mwenyewe ndiye aliyeniambia nimtumie. Mwaliko unaisha muda usipopokelewa, nami nikiona umeisha namtumia mwingine. Huu wa sasa ni wa tatu. Asubuhi hii nimeangalia, bado umeandikwa "unasubiri".